Hakimiliki si hatimiliki

Wiki hii nimelisikia kosa hili mara ya tatu, safari hii kwa kinyozi hapa Malindi. Spika iko mlangoni inanguruma hadi barabarani, na nikimuuliza kama ana ruhusa ya kuwachezea wateja wimbo huo, kijana mwenye mashine ananijibu bila kuinua macho: "Mzee, huu wimbo nina hatimiliki yake, nimeulipia."

Hatimiliki ni ile karatasi ya shamba. Hati, yaani maandishi. Ndiyo wanayoililia watu wa pwani hii miaka nenda miaka rudi. Hakimiliki inaanza na haki: haki ya mtunzi kuruhusu au kukataza kazi yake inakiliwe, itangazwe au ichezwe hadharani. Tofauti ni herufi moja, t na k, lakini hati utaikunja uitie sandukuni, haki haishikiki. Wala haingoji karatasi, huzaliwa pale wimbo unapoandikwa au kurekodiwa. Hiyo miliki ya mwisho, ambayo ni ya ukoo mmoja na malkia na mamlaka, ndiyo inayowaponza watu: wakishaisikia, wanafikiria kiwanja.

Ukisikiliza chumbani kwako, hakuna wa kukuuliza. Ukiwafungulia wateja, iwe kinyozi, matatu au hoteli, hapo ni hadharani, na leseni yake hulipiwa kando, kupitia vyama vinavyowakusanyia wasanii mirabaha, yaani malipo ya kutumiwa kwa kazi zao. Bei ya bando haimo.

Halafu kuna lile la "wimbo wa watu wote". Jambo Bwana, wanaoimbiwa watalii mahotelini, wengi hudhani uliokotwa ufuoni pamoja na makombe. Una mwenyewe: Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms, walioutoa mwaka 1982. Kujulikana hakumfuti mtunzi. Kinachofuta haki ni muda, na kwa sheria ya Kenya ni miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Ndiyo maana Utendi wa Mwana Kupona, wa 1858 huko visiwani Lamu, ughani upendavyo. Mtunzi wake, Mwana Kupona mwenyewe, aliaga karne hiyohiyo. Ila sauti ya mghani aliyeurekodi juzi ina haki zake, tena mbichi.

Kijana nilimwacha amalize kichogo kwanza, wembe ulikuwa mkononi mwake. Kisha nikamwambia taratibu: mwanangu, ulicho nacho wewe ni meseji ya bando.