Iacheni R ya Kifaransa, tengenezeni U

"Mwalimu, R yao imenishinda, kwa hiyo Kifaransa sikiwezi." Kauli hii naisikia kwa waongoza watalii wa Arusha kila darasa jipya linapoanza, na imenichosha. Mtu anakwaruza koo mpaka anakohoa, huku kosa linaloharibu maana linapita bila kuguswa.

Ukweli ni kwamba hakuna maneno mawili ya Kifaransa yanayotofautishwa na namna ya kutamka R. Itamke kwa ncha ya ulimi, ile ya "barabara". Dakar, Bamako na Kinshasa wengi huitamka hivyo, na Paris wanaelewana nao vizuri.

Kinachotuangusha sisi ni irabu. Tunazo 5, wao wana zaidi ya 10. Tukikuta u na ou, zote tunazitia kwenye U yetu moja. Mgeni anauliza chui yuko wapi. Unakusudia dessus, juu, unatamka dessous, na yeye anachungulia chini ya tawi. Ou haina ugumu, ni U yetu ileile. Ile nyingine itengeneze hivi: sema "iii", ulimi usiusogeze hata kidogo, kisha viringa midomo kama unayepiga mluzi. Ukisikia U ya "kuku", ulimi umerudi nyuma, anza upya. Tumia kioo, tafadhali, kila siku, kabla hujagusa orodha yoyote ya msamiati. Wengi hudhani wameviringa midomo na hawajaviringa.

Eti herufi ya mwisho haitamkwi? Nyingi ndiyo, lakini c, r, f na l mara nyingi hutamkwa: avec, hiver, neuf, sel. Vitenzi kama parler ndivyo vinavyoimeza r yao. Na kwenye bon usimalizie kwa N kamili, itakuwa bonne, umbo lake la kike. Acha pumzi ipite puani, basi.

Wanaotegemea Kiingereza wajihadhari: librairie ni duka la vitabu, maktaba ni bibliothèque.

Wengine wanasema septante ni Kifaransa kibovu. Si kweli hata kidogo. Septante na nonante ndizo 70 na 90 za kila siku Lubumbashi na Bujumbura, vilevile Ubelgiji na Uswisi. Mfaransa atakwambia soixante-dix na quatre-vingt-dix. Zijue zote kabla hujaanza kutaja bei.