Madoa ya ukungu kwenye nguo: udi hauyatoi, na jiki si ya kila kitambaa

Masika yakishika, malalamiko yanayotufikia sisi maafisa afya mazingira wa ukanda wa pwani hubadilika. Badala ya mitaro na taka, watu wanalalamikia mashuka ya nyumba za wageni yanayonuka uvundo, dobi aliyerudisha nguo zikiwa na vidoadoa vyeusi, na godoro la mtoto lililoota ukungu upande wa ukutani. Aprili ndiyo mwezi wa mvua nyingi zaidi Dar es Salaam, na nguo ambayo Januari ingekauka kabla ya adhuhuri hushinda kambani, ikalala ndani, kesho ikatolewa tena. Hilo tunalielewa. Tusichokielewa ni baadhi ya dawa zinazotumika.

Tuanze na udi. Kufukiza nguo ni desturi nzuri na hakuna anayeikataza, lakini hufukizwa nguo safi na kavu. Gauni lenye ukungu ukilifukiza, umeificha harufu tu. Jasho likiingia ukumbini, uvundo unarudi mbele za watu. Manukato ni vivyo hivyo. Na zile naftalini nyeupe za kabatini zimetengenezwa kwa ajili ya wadudu. Ukungu si mdudu.

Ukungu ni kuvu hai, na chakula chake ni pamba yenyewe, jasho, mafuta ya mwili na wanga. Ndiyo maana doti mpya za kanga zilizowekwa akiba sandukuni hushambuliwa mapema kuliko kanga kuukuu ya jikoni: ile mpya bado ina dondo, na dondo ni wanga. Anayetaka kuiweka muda mrefu aifue dondo litoke, aikaushe kabisa, ndipo aikunje. Tunajua kanga iliyofuliwa haipelekwi zawadi. Basi ya zawadi isikae sandukuni miaka.

Nguo iliyokwisha kushikwa usiitie maji kwanza. Itoe nje, iache ikauke, kisha uisugue kwa brashi mbali na watu, ukiwa umefunga kitambaa puani. Kazi hiyo isifanywe na mwenye pumu, wala isifanyike chumbani. Kisha loweka kwa saa moja katika siki nyeupe, kikombe 1 kwa vikombe 4 vya maji, suuza, halafu fua kwa sabuni na maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili. Siki ndiyo inayosaidia zaidi kwenye harufu. Mwisho ni jua, nguo ikiwa imetandazwa na si kukunjwa mara mbili kambani. Kuanika peke yake bila kufua hakutoshi: nguo itakauka, kuvu italala, na siku ikipata unyevu itaamka.

Ndimu na chumvi ni njia ya zamani na inasaidia kwa madoa mepesi, ila chumvi isuuzwe yote. Chumvi huvuta unyevu hewani. Wanaosuuza kwa maji ya visima vya chumvi wanalijua tatizo hili bila kujua chanzo chake: nguo haikauki, na kila ukiigusa ina ubaridi. Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe baridi yasiyo na chumvi, hata kama ni ndoo moja ya mvua.

Sasa jiki. Jiki ni ya pamba nyeupe, basi. Hariri, sufu na nguo zinazovutika huharibika. Kitenge kitachuja rangi. Wengi wamekariri kipimo cha sehemu 1 ya jiki ya asilimia 3.5 kwa sehemu 6 za maji. Kipimo hicho hutoa klorini ya asilimia 0.5, nacho ni cha kutakasa sakafu na vyombo vya hospitali, si cha shuka lako. Kwa shuka, nusu kikombe cha chai katika ndoo ya lita 10 kinatosha, kwa dakika 10 hadi 15, kisha suuza mara mbili.

Jiki isichanganywe na siki wala ndimu. Inatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo hudhuru mapafu. Isimwagwe pia juu ya shuka lenye mkojo wa mtoto kabla ya kulisuuza, kwa sababu amonia ya mkojo ikikutana na jiki hutoa gesi nyingine yenye madhara. Ukiamua kutumia siki leo, jiki isubiri nguo ifuliwe na kusuuzwa kabisa.

Doa la kijivu likibaki baada ya hayo yote, huo si uchafu. Ni rangi iliyoachwa ndani ya nyuzi. Nguo isiyonuka na iliyokauka ni salama kuvaliwa. Godoro la sponji ni habari nyingine: ukungu ukishaingia ndani hautoki, libadilishwe.

Kwa wenye nyumba za wageni na madobi: afisa afya ana mamlaka ya kuingia na kukagua chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Lazima ajitambulishe kwa kitambulisho. Akikuta matandiko yenye ukungu hupewi faini papo hapo kama inavyosemwa mitaani; kwa kawaida unaandikiwa ilani yenye kasoro na muda wa kurekebisha, unasaini, unabaki na nakala. Ukaguzi wa marudio hufuata. Usiporekebisha ndipo sheria ndogo za halmashauri hutumika, au shauri hupelekwa mahakamani, na suala la leseni linaweza kuguswa. Malipo yoyote ni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Hakuna fedha mkononi, na anayeidai hivyo aripotiwe.

Mlalamikaji naye alete jina la nyumba, namba ya chumba, tarehe na risiti kama ipo. Picha ya doa inasaidia. Shuka lenyewe liacheni huko huko, ofisini hatuna pa kulianika.