Maana ya matabaka membamba ya sumaku na nafasi yake katika tiba

Matabaka membamba ya sumaku ni metali zilizolazwa moja juu ya nyingine, kila tabaka likiwa na unene wa nanomita moja au chache tu, ambapo metali yenye usumaku, kama chuma au kobalti, hupishana na metali ambayo sumaku ya kawaida haiivuti, kama shaba au kromi. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, na ndani ya unene huo hukaa safu tano au sita hivi za atomi. Jambo la kuzingatia tangu mwanzo ni kwamba tabia inayotafutwa haimo katika chuma peke yake wala katika kromi peke yake. Huzaliwa na unene na mpangilio, na unene ukibadilika kwa safu chache za atomi, tabia hiyo huweza kutoweka.

Tabia yenyewe inahusu ukinzani, yaani namna metali inavyozuia mkondo wa umeme. Kila elektroni, mbali na chaji yake, ina sifa iitwayo spini, inayoelekea upande mmoja au upande wa pili. Ndani ya chuma chenye usumaku, elektroni za spini moja hupita kwa urahisi, ilhali zile za spini ya pili hugongwa na kutawanywa. Basi matabaka mawili ya chuma yakiwa na usumaku unaoelekea upande mmoja, kundi moja la elektroni hupenya yote mawili bila shida, na ukinzani huwa mdogo. Yakielekea pande zinazopingana, kila kundi hukuta kizuizi katika tabaka mojawapo, na ukinzani hupanda. Kwa hiyo uga wa sumaku (nguvu inayoenea kuizunguka sumaku) kutoka nje, ukiweza kuyageuza matabaka yaelekee upande mmoja, hupunguza ukinzani kwa kiasi kinachopimika, na kifaa kinachopima ukinzani huo huwa kimepima uga.

Kwamba ukinzani wa chuma hubadilika kidogo karibu na sumaku lilijulikana tangu William Thomson alipolichunguza mwaka 1856. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1986, Peter Grünberg wa Jülich, Ujerumani, alipoonyesha kwamba matabaka mawili ya chuma yaliyotenganishwa na kromi nyembamba hujipanga yenyewe kwa kupingana. Mwaka 1988 kundi lake lilipata badiliko la ukinzani la asilimia 1.5 katika halijoto ya kawaida, na katika mwaka huohuo kundi la Albert Fert huko Orsay, Ufaransa, likitumia matabaka mengi ya chuma na kromi yaliyopozwa hadi kelvini 4.2 (karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri), liliona ukinzani ukishuka karibu nusu. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2007. Kwa maoni yangu, kazi ya Stuart Parkin wa kampuni ya kompyuta ya IBM inastahili kutajwa pamoja na yao, kwa kuwa alionyesha kwamba matabaka hayo yanaweza kutengenezwa kwa njia ya haraka inayofaa kiwanda, ambapo atomi hubanduliwa kutoka bamba la metali ndani ya ombwe, yaani chombo kilichoondolewa hewa, na kutua juu ya kipande cha silikoni. Kufikia mwaka 1997 diski za kompyuta zilikuwa zikisomwa kwa vihisi vya aina hii, yaani vifaa vinavyotambua uga wa sumaku.

Tiba inaingiaje hapa? Jibu limo katika damu yenyewe. Damu ina chuma, lakini chuma kilichofungwa ndani ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni, hakina usumaku wa kusumbua kihisi. Vipimo vinavyotegemea mwanga husumbuliwa na rangi ya damu na ukungu wa sampuli. Uga wa sumaku hauna kizuizi hicho. Mwaka 1998 watafiti wa maabara ya Jeshi la Majini la Marekani walieleza kihisi cha kibiolojia kinachotumia wazo hili. Juu ya kihisi hupandikizwa kingamwili zinazonasa protini ya ugonjwa fulani, kisha kingamwili nyingine, zenye chembe ndogo za sumaku, huishika protini hiyohiyo kwa upande wa pili. Protini isipokuwepo, chembe hazibaki. Ikiwepo, chembe hukaa juu ya matabaka na ukinzani hubadilika kulingana na wingi wake.

Ugumu mkubwa uko kwenye uso wa kihisi. Damu ni majimaji yenye chumvi, na chumvi hula metali, hivyo matabaka lazima yafunikwe kwa kinga ya oksidi au naitridi. Lakini nguvu ya uga wa chembe hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali: umbali ukiongezeka mara mbili, kinachobaki ni thumni moja. Kinga nene hulinda lakini huziba masikio ya kihisi. Kinga nyembamba husikia vizuri lakini huvuja. Ndiyo maana wataalamu wa sumaku hulazimika kufanya kazi pamoja na wataalamu wa kemia ya nyuso na wa protini.

Chembe nazo zina sharti lake: zikibaki na usumaku baada ya uga kuondolewa, huvutana na kugandamana. Njia ya kawaida ni kutumia oksidi ya chuma yenye kipenyo cha nanomita 20 au chini, ambayo haihifadhi usumaku. Njia nyingine hutengeneza chembe yenyewe kwa matabaka yanayopingana, yale ya mwaka 1986, ili usumaku wake ujifute uga usipokuwepo na ujitokeze kwa nguvu unapohitajika.

Metali nyembamba za sumaku zimeanza pia kujaribiwa kwenye seli. Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Argonne na Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walitumia visahani vya aloi (mchanganyiko) ya nikeli na chuma vilivyofunikwa kwa dhahabu, wakavishikiza kwenye seli za saratani ya ubongo kwa kingamwili, kisha wakavitikisa kwa uga unaobadilika polepole, na seli nyingi zikafa. Hayo yalifanyika katika vyombo vya maabara, si kwa mgonjwa. Dhahabu ilihitajika kwa sababu nikeli ikigusana na seli huweza kuzidhuru, na pia kwa sababu juu ya dhahabu ndipo molekuli za kibiolojia hushikamana vizuri.