Johannes Wiedewelt, mchongaji wa wafalme na raia

Katika Kanisa Kuu la Roskilde, wanakozikwa wafalme wa Denmark, kaburi la Frederik V linaombolezwa na wanawake wawili wa marumaru, kila mmoja na taji lake. Mmoja ni Denmark, mwenzake Norway, kwani enzi hizo nchi zote mbili zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Huzuni yao ni ya watu waliojizuia. Aliyewachonga, Johannes Wiedewelt, hakupenda makeke kwenye jiwe.

Alizaliwa Copenhagen mwaka 1731, na ufundi aliukuta nyumbani: baba yake, Just, alikuwa mchongaji wa ikulu. Mwaka 1750 alikwenda Paris kujifunza kwa Guillaume Coustou, kisha Roma mwaka 1754. Huko alifanya urafiki na Johann Winckelmann, mwanazuoni wa Kijerumani aliyesifu utulivu wa sanamu za Wagiriki wa kale. Alirejea mwaka 1758 na mtindo huo, akaja kuwa profesa na mkurugenzi wa Chuo cha Sanaa cha Kifalme.

Lakini kwa maoni yangu, kazi yake ya kustaajabisha zaidi iko nje, bustanini. Mwaka 1776 sheria mpya iliwatengea wenyeji nyadhifa za serikali, baada ya Struensee, daktari wa Kijerumani, kuitawala nchi kwa jina la mfalme mgonjwa, Christian VII, hadi daktari huyo alipoangushwa mwaka 1772. Uzalendo ukapanda chati. Mwaka huohuo Wiedewelt alianza kuchonga minara ya ukumbusho kwenye bustani ya kasri la Jægerspris. Kufikia 1789 ilikuwa 54. Haikuwa ya wafalme. Mwanafalaki Tycho Brahe yumo, na Ludvig Holberg, mwandishi wa vichekesho vya jukwaani, naye yumo. Heshima ya namna hiyo, tena ndani ya bustani ya kifalme, raia wa Ulaya ya wakati ule hakuizoea.

Uzeeni kazi zilipungua, fedha zikamwishia. Alikufa maji katika ziwa Sortedam, jijini Copenhagen, Desemba 1802. Wengi huamini alijitosa mwenyewe.

Anayetaka kuiona kazi yake bila kulipa kiingilio aende Vesterbro, mtaa wa Copenhagen, karibu na stesheni kuu ya treni. Pale upo Mnara wa Uhuru, unaokumbuka wakulima wa Denmark walivyofunguliwa mwaka 1788 kutoka sheria iliyowafunga kwenye mashamba ya mabwana zao. Umezungukwa na sanamu nne, na ile ya Uaminifu ni ya Wiedewelt.