Mfumo wa ujenzi wa programu: maana yake, na jinsi mradi huria unavyouchagua

Mfumo wa ujenzi ni programu inayosimamia kazi ya kuugeuza msimbo ulioandikwa na binadamu uwe programu inayoweza kuendeshwa na kompyuta. Kazi hiyo si ya kompaila peke yake. Kompaila hutafsiri faili inayopewa, basi. Mfumo wa ujenzi ndio unaojua faili ipi inategemea ipi, ipi itangulie, ipi haijaguswa tangu jana na hivyo haina haja ya kutafsiriwa upya, na maktaba za nje, yaani msimbo wa watu wengine ambao programu inautumia, zitafutwe wapi. Kwa lugha ya mjengo, kompaila ni fundi na mfumo wa ujenzi ni msimamizi wa saiti.

Mkongwe wa mifumo hii ni Make, ulioandikwa na Stuart Feldman mwaka 1976 katika maabara za Bell, Marekani. Kanuni yake huandikwa kwa mistari miwili: wa kwanza hutaja faili inayotakiwa, kisha nuktapacha, kisha faili inazozitegemea, wa pili, ambao sharti uanze kwa Tab wala si kwa nafasi za kawaida, hutaja amri ya kuitengeneza. Sharti hilo limewatoa wanafunzi jasho kwa miaka mingi, na Feldman alikuja kueleza kwamba hakulibadilisha kwa sababu tayari alikuwa na watumiaji wapatao kumi na wawili, akaona si vyema kuwavurugia kazi.

Make hupima kila kitu kwa saa. Ikiwa faili ya msimbo ina tarehe mpya kuliko faili iliyotokana nayo, hujenga upya. La sivyo, huiruka. Niliwahi kutumia kipakatalishi kuukuu nilichokinunua Luthuli Avenue, ambacho betri yake ya saa ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila umeme ulipokatika kiliamka kikidhani ni miaka kadhaa iliyopita. Nilihariri msimbo, nikaagiza ujenzi, nikajibiwa kwamba hakuna la kufanya, na programu ikabaki na kosa lilelile nililokwisha kulirekebisha. Make haukukosea, tarehe ya uhariri wangu ilikuwa nyuma ya tarehe ya matokeo.

Katika kampuni, watu hupewa mashine zinazofanana na yupo wa kuulizwa. Mradi huria, yaani ule ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuchangia, hauna uhakika huo, kwa kuwa anayetaka kuuchangia ni mtu asiyejulikana, mwenye kompyuta isiyojulikana, na hapa Nairobi mara nyingi ni mtu anayehesabu bando. Kwa maoni yangu, hapo ndipo uchaguzi unapopaswa kuanzia, kabla ya mabishano ya mfumo upi una kasi zaidi. Gradle, unaotumika sana katika programu za Android, huweza kujipakua wenyewe mara ya kwanza mradi unapojengwa, na toleo lake la 8 linazidi megabaiti 100 kabla hata maktaba za mradi hazijaanza kuteremka. Mwenye Android hana njia mbadala iliyo rahisi. Mwenye maktaba ndogo ya Java anaweza kujiuliza mara mbili.

Kwa lugha nyingine swali hili ni jepesi. Rust ina Cargo, mfumo wake rasmi wa ujenzi, Go ina zana yake, na jukwaa la Ushahidi, lililozaliwa hapa Kenya mwaka 2008, liliandikwa kwa PHP, lugha isiyohitaji kutafsiriwa kabla ya kuendeshwa. Ugumu uko kwa C na C++. Programu yenye faili tano inatoshwa na Make. Ikitakiwa iendeshwe pia kwenye Windows, CMake, uliotoka mwaka 2000, una uwezo mkubwa na watu wengi wanaoufahamu, ingawa lugha yake ina vichochoro vya kumpoteza mgeni. Meson, ulioanza mwaka 2013, unasomeka vizuri zaidi, na systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, ilihamia huko mwaka 2017 ikaachana na Autotools, mfumo mkongwe wa ujenzi. Gharama ya Meson ni kwamba unahitaji lugha ya Python iwe kwenye kompyuta. Mimi ningeanza na Meson, lakini si kabla ya kuazima kompyuta ambayo haijawahi kuuona mradi wangu, nikafuata maelekezo yangu mwenyewe neno kwa neno, nikiandika dakika na megabaiti zilizotumika.

Kusomeka kwa hati za ujenzi si suala la urembo. Machi 2024, mwanaprogramu Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya XZ Utils, zana za kubana faili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, baada ya kushangazwa na uzito wa kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuifikia kompyuta iliyo mbali. Amri iliyouwasha mlango huo ilifichwa katika hati za ujenzi za Autotools zilizokuwemo kwenye furushi la kupakua, wakati hazina ya wazi ya msimbo haikuwa na mstari huo. Hati za CMake za XZ Utils pia zilikuwa zimeguswa: katika jaribio dogo la kukagua kama kinga ya Linux iitwayo Landlock inapatikana, mtu alikuwa amepachika nukta moja, jaribio likawa linashindwa kila mara, na kinga ikazimwa bila onyo lolote.