Ndizi kukosa mbegu hakukuanzia maabara

Wengi huamini kwamba ndizi haina mbegu kwa sababu vinasaba vyake vilibadilishwa maabara. Hali hiyo ni ya kale kuliko maabara yoyote. Ndizi mwitu zimejaa mbegu nyeusi, ngumu kama kokoto, na zina kromosomu 22 (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli), yaani seti 2. Nyingi tunazokula zina 33, yaani seti 3, ambazo hazigawanyiki sawasawa chembe za uzazi zinapoundwa, hivyo mmea huwa tasa na mbegu hazikui. Tunda hunenepa bila uchavushaji, na mgomba huenezwa kwa machipukizi. Pasua ndizi mbivu kwa urefu: vile vidoa vyeusi katikati ni mbegu zilizoshindwa kukua.

Utasa huohuo ndio mzigo wa watafiti wanaotafuta aina bora za migomba. Huchavusha maua kwa mkono, wakaambulia mbegu chache mno, kisha hulazimika kukuza kiinitete, yaani mche mchanga ulio ndani ya mbegu, chupani.