Filta ya oili ikigoma, bisibisi ije mwisho

Filta ya oili ikigoma kufunguka, lazima pembeni ya gari atatokea mtu wa kusema, "Fundi, toboa na bisibisi, vuta!" Akiwa dereva atasema, akiwa utingo atasema, hata muuza karanga anayekatiza gereji atasema. Sina ugomvi na bisibisi, naitumia. Ninachokataa ni kuanza nayo. Bati la filta ni jembamba kama la kopo la maziwa. Ukilitoboa na kuvuta wakati raba bado imeshika, tundu linachanika na kuwa mdomo mrefu, filta yenyewe haijasogea, na sasa spana nyingine zote zimekosa pa kushika. Gari nalo haliwashwi tena, maana ukiwasha oili yote itatokea hapo.

Kwanza tuelewane ni nini kinachogoma. Siyo thredi, ile mizunguko ya kufungia. Thredi za filta zinaogelea kwenye oili muda wote. Inayogoma ni raba, ile duara inayokaa kati ya filta na injini. Ikifungwa kavu, bila kupakwa oili, kisha ikapikwa na joto la injini miezi kadhaa, inagandia kwenye chuma. Ndiyo maana kupuliza ile dawa ya kulegeza nati ni hasara tu: inapotakiwa haifiki, na inakulowanishia kopo ulilotaka kulishika.

Sababu nyingine ni spana yenyewe. Filta ya kopo hufungwa kwa mkono. Raba ikishagusa injini, unaongeza kama robo tatu ya mzunguko, basi. Filta nyingi zina maelekezo hayo kwenye kopo au kwenye boksi. Lakini barabara yetu hii ina hofu zake. Dereva anayetoka Tunduma kwenda Dar es Salaam anawaza mlima Kitonga, anawaza oili kumwagika njiani usiku, basi anamsimamia fundi kichwani: "Kaza kaka, kaza tena." Fundi naye anachukua spana kumridhisha. Anayekuja kuifungua baadaye ndiye anayelipia hiyo kaza tena.

Sasa kazi. Asubuhi za Juni na Julai huku Mbeya oili inakuwa nzito na raba ngumu, kwa hiyo washa injini dakika chache ipate uvuguvugu. Uvuguvugu, siyo moto: kwenye magari mengi filta imekaa jirani na ekzosi, na oili ya moto inaunguza vibaya. Zima, weka kigingi kwenye tairi, na kama unaingia chini weka stendi. Jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu mwenye familia. Mwaga kwanza oili ya sampo, lile bakuli la chini ya injini.

Halafu hakikisha unazungusha upande sahihi. Nacheka, lakini filta kadhaa nilizoletewa kwamba zimegoma zilikuwa zinakazwa. Ukiwa chini ya gari unatazama kitako cha filta, unafungua kinyume cha saa. Ukiwa umeinamia kutoka juu na mkono umepita nyuma ya injini kuifuata filta iliyoning'inia, unaiona kwa upande wa pili, na mwelekeo machoni mwako unageuka. Kabla ya kutia nguvu, fumba macho na ujione umelala chini unakitazama kile kitako.

Futa kopo likauke kabisa. Magari yanayotoka mashambani huwa na tope la vumbi na oili limeganda pale. Tambara na maji ya sabuni vinatosha, petroli usisogeze karibu na injini yenye joto. Zungushia msasa, upande mkali ukitazama kopo, au kipande cha tyubu ya baiskeli, halafu jaribu kwa mkono. Wengi hawaamini ni filta ngapi zinakubali hapo.

Zikikataa, ndipo vifaa. Kwa Toyota nyingi ndogo kikombe cha kufungulia filta, cha milimita 65 na chenye pembe 14, kinakaa vizuri kwenye kitako, na kwa kuwa kinashika pande zote hakikunji bati. Kama huna, tumia spana ya mkanda au ya cheni, na hapa ndipo penye siri ya kazi yote: ishike filta karibu na injini, siyo kwenye kitako. Upande wa injini bati limekunjwa juu ya sahani nene ya chuma, kwa hiyo nguvu yako inafika kwenye raba. Ukishika katikati ya kopo, unalikunja kopo tu. Vuta taratibu bila kuachia. Kushtuashtua ndiko kunakochana bati.

Bisibisi nayo ina masharti. Filta mpya iwe mkononi, siyo "dukani ipo". Niliwahi kumkatalia mzee mmoja aliyeshuka na Canter ya viazi kutoka Isyonje, jioni ya Jumapili. "Toboa bwana, viazi vyangu vitaharibika!" "Shikamoo mzee, nikitoboa sasa hivi utalala na viazi vyako hapa hapa." Tulitafuta filta kwanza. Unapotoboa, pita upande hadi upande, kama vidole viwili kutoka ukingo wa injini ili usigonge stadi ya katikati, ile bolti ya injini ambayo filta inafungiwa. Na kama gari lako lina filta ya karatasi inayokaa ndani ya kifuniko cha plastiki au aluminiamu, habari ya bisibisi isahau kabisa. Kile kifuniko hakitupwi.

Bati likichanika lote, usikate tamaa. Vua mabaki ya kopo na karatasi mpaka ibaki ile sahani nene. Weka ncha ya tindo kwenye ukingo wake au kwenye moja ya matundu yake, gonga kidogo kidogo kuelekea upande wa kufungua, ukihama huku na huku. Tindo isiguse injini. Mkwaruzo mmoja pale raba inapokaa utavuja kila siku.

Filta ikitoka, ichungulie mdomoni. Raba ipo? Kama haipo, imebaki kwenye injini. Pitisha kidole, itoe. Ukifunga filta mpya juu ya raba ya zamani, presha ya oili itasukuma moja nje, na injini itakosa oili dakika chache baadaye. Angalia pia kama stadi imetoka pamoja na filta. Ikiwa imetoka, irudishe na uikaze kwanza.

Paka raba mpya oili safi, funga kwa mkono, jaza oili, washa. Taa ya oili ikizima, acha injini iungurume kidogo huku mwenzako anachungulia chini kwa tochi. Zima, subiri oili ishuke, pima tena: kipimo kitakuwa kimepungua kwa sababu filta imejaa. Ongeza kilichopungua.